Usimwache alale: muguka, dawa za mizizi na mnazi hapa Malindi

Mhudumu wa Barani (mwanzisha uzi)

Assalaam alaikum na hamjambo wadau wa Malindi, Watamu, Mambrui na Pwani yote. Uzi huu ni mrefu. Naomba mnivumilie, kwa sababu jambo lenyewe linaua watu ambao wangeokolewa na kikombe cha maji ya sukari, au kwa kulazwa ubavu tu.

Mimi ni mhamasishaji wa afya ya jamii. Tunazunguka nyumba kwa nyumba na ile mikoba iliyoanza kugawiwa nchi nzima Septemba 2023, yenye mashine ya presha, kipima sukari na vinginevyo. Katika kuzunguka huko, kauli ninayoisikia zaidi juu ya mtu aliyezimika ni hii: "Muache, kalewa tu, akilala itamtoka." Uzi huu nimeuandika kuipinga kauli hiyo. Mara nyingi mtu huyo hakunywa pombe peke yake. Ametafuna muguka tangu adhuhuri, au amemeza dawa ya mizizi ya chupa, au anatumia maji ya mwarobaini kwa ajili ya sukari, kisha juu yake akateremsha mnazi, yaani tembo linalogemwa mnazini, au kitu kikali zaidi. Vitu hivyo vikikutana mwilini hufichana. Dalili ya kimoja hufunikwa na kingine, na sisi tulio pembeni tunamhukumu mtu kwa harufu ya mdomo wake.

Nianze na muguka maana ndio uliotapakaa kila maskani, kuanzia Maweni hadi Kisumu Ndogo. Muguka na miraa ni mti mmoja, namna mbili. Muguka hutoka Embu na hutufikia ukiwa majani machanga. Ndani yake mna kathinoni, kichangamshi ambacho kazi yake mwilini inakaribiana na ya amfetamini. Moyo huenda mbio, presha hupanda, usingizi hukimbia, njaa hupotea. Kathinoni huharibika majani yakinyauka, na ndiyo sababu magari ya mzigo huo hukimbizwa vile barabarani.

Pombe nayo huupunguza ubongo kasi. Basi vijana hujiambia kwamba kimoja kinapandisha, kingine kinashusha, mtu anabaki katikati salama. Haiko hivyo. Muguka hauitoi pombe kwenye damu hata tone. Unachokiondoa ni ule uzito na usingizi unaomwambia mnywaji kwamba sasa yatosha. Anabaki macho, anaongea vizuri, anashindilia kikombe juu ya kikombe, anapanda pikipiki na kuondoka. Kisha handasi, yaani ule uchangamfu wa muguka, inakatika huku pombe nyingi bado imo mwilini. Huyu ndiye anayekutwa kibarazani alfajiri, akikoroma kwa sauti ya maji yanayogugumia kooni, na watu wanampita wakienda kuswali. Kukoroma kule si usingizi mnono. Ni njia ya hewa inayoziba.

Moyo nao unapata taabu yake. Tafiti za Yemen, ambako miraa huliwa na watu wengi mno, zimeonyesha kuwa walaji wanapatwa na mshtuko wa moyo zaidi ya wasiokula. Mtu mwenye presha akila muguka kutwa nzima, kisha akanywa usiku kucha bila kulala, anaulazimisha moyo kufanya kazi ya siku mbili kwa siku moja. Na wapo wanaoshindwa kulala baada ya muguka, mnazi hautoshi, wanatafuta tembe za usingizi zile zinazoitwa bugizi mitaani, au daizepamu kutoka kemisti isiyouliza maswali. Hapo pombe na tembe zote mbili zinaikandamiza sehemu ile ile ya ubongo inayoendesha pumzi. Mtu analala na pumzi inalala naye.

Ule mzozo wa Mei 2024, Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipoupiga muguka marufuku na Serikali Kuu ikapinga, ulijaa habari za biashara, ushuru na wakulima wa Embu. Nayaelewa hayo. Lakini suala la watu wanauteremsha muguka na nini usiku sikulisikia likizungumzwa ipasavyo, na kwangu mimi hapo ndipo penye maiti.

Tuje kwenye chupa. Ukipita stendi au sokoni utazikuta: chupa za plastiki zilizokuwa za maji, sasa zina mizizi iliyolowekwa, hazina kibandiko, na muuzaji anakwambia zinatibu mgongo, vidonda vya tumbo, sukari na nguvu za kiume kwa pamoja. Nyingine zimelowekwa kwenye pombe kali tangu mwanzo, kwa hiyo anayedhani anakunywa dawa anakunywa pombe asiyojua kiasi chake. Hizo za nguvu za kiume ndizo zinazoniogopesha zaidi. Wakaguzi wa dawa katika nchi nyingi wamepima bidhaa zinazouzwa kwa jina la mitishamba na kukuta ndani yake mmetiwa sildenafili, dawa ile ile iliyomo kwenye Viagra. Sildenafili hutanua mishipa ya damu, na pombe pia huitanua. Mtu akisimama ghafla presha inaporomoka, macho yanaingia giza, anaanguka. Na kama ni mgonjwa wa moyo anayetumia ile tembe ya kuweka chini ya ulimi kifua kinapobana, presha inaweza kushuka mpaka akafa.

Hapo ndipo ninapoumia kweli. Mzee huyo hatasema. Ataulizwa ametumia nini, atajibu alikunywa bilauri mbili tu. Mkewe hajui, wanawe hawajui, na tabibu asiyejua anaweza kumpa ile ile dawa ya moyo isiyopaswa kukutana na alichomeza. Aibu ndiyo inayomuua, na aibu hiyo tunaijenga sisi kwa kucheka.

Sasa sukari, na hapa naomba msome polepole. Usiku, mtu asipokula, ini ndilo linalotengeneza sukari na kuitoa kidogo kidogo ili ubongo uendelee kufanya kazi. Pombe ikiingia, ini linashughulika na pombe na kuacha kazi hiyo. Maji ya mwarobaini nayo yana uwezo wa kushusha sukari. Tembe za hospitali kama glibenklamaidi zinashusha, insulini inashusha. Ongeza muguka ulioondoa njaa, mtu hakula tangu asubuhi. Vyote vinasukuma upande mmoja. Sukari ikishuka sana mtu anatoka jasho, anatetemeka, ulimi unakuwa mzito, anakasirika bila sababu, anapepesuka, mwisho analala asiamke. Mwombe mtu yeyote Malindi akutajie dalili za mlevi, atakutajia karibu hizo hizo. Harufu ya mnazi mdomoni inathibitisha kwamba amekunywa. Haithibitishi kwamba pombe ndiyo iliyomlaza. Kipimo ni tone moja la damu kidoleni. Chini ya 3.9 (kwa mashine inayosoma mmol/L) sukari iko chini. Chini ya 3 ni hatari, na ubongo ukikaa saa nyingi katika hali hiyo unaharibika moja kwa moja, hata mtu akiamka.

Kwa hiyo mtu aliyezimika, mwamshe. Mwite kwa jina, mtikise bega, mfinye. Akiamka na anaweza kumeza, na mna wasiwasi wa sukari, mpe maji ya sukari au soda ya kawaida. Asipoamka usimtie kitu chochote mdomoni, si maziwa, si ndimu, si asali, kitaingia mapafuni. Mlaze ubavu, kunja goti la juu, inua kidevu kidogo, mdomo uelekee chini ili akitapika matapishi yatoke. Hesabu pumzi zake kwa dakika moja. Zikiwa chini ya nane, au zikipita sekunde kumi kati ya pumzi na pumzi, au ndani ya midomo na kucha kumegeuka rangi ya kijivu, au amepata degedege, tafuteni gari muda ule ule, na mtu akae naye njia nzima.

Karibuni kwa maswali. Waliopitia haya waseme.

Tuktuk wa Ngala

Dada shukrani kwa uzi. Lakini mie naendesha usiku, natafuna muguka nisisinzie, nikimaliza zamu napiga mnazi kidogo nilale. Siku nyingine nakunywa mapema na narudi barabarani na sijawahi kuyumba. Kila mwili na uwezo wake.

Mhudumu wa Barani

Kaka, nakuamini kwamba huyumbi. Hilo hasa ndilo linalonitia hofu. Ini linatoa pombe kwa kasi yake lenyewe, takriban kinywaji kimoja kwa saa, na muguka hauliharakishi. Kwa hiyo unapohisi uko sawa, jicho lako bado linachelewa kuona mtoto anayevuka, na mguu unachelewa kufika kwenye breki. Unabeba akina mama na watoto wa madrasa. Nakuomba, siku unayokunywa, tuktuk ilale. Na kama usingizi hauji mpaka unywe, basi muguka umekuzidi. Usingizi wenyewe wa pombe ni mwepesi na wa kukatika, kesho yake utahitaji muguka zaidi. Piga 1192, ni namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, uzungumze nao.

Binti Shella

Na kahawa chungu? Kwetu mtu akilewa anapewa kahawa ya tangawizi au dafu na ndimu, na wanaamka kweli.

Mhudumu wa Barani

Dafu litampa maji na madini, si baya kwa mtu aliye macho anayemeza vizuri. Kahawa itamwamsha. Lakini pombe iko pale pale mpaka saa zake zipite. Kahawa juu ya muguka inauongezea moyo mbio. Na kwa aliyezimika, mwanangu, hata dafu usimmiminie.

Mgema wa Ganda

Mimi ni mgema, nimerithi kazi kwa marehemu baba. Naona kama uzi huu unatuchafulia jina, wagema na waganga wa mitishamba kwa pamoja. Mnazi umekuwepo kwetu kabla ya hospitali. Hatuwezi kulipa mahari wala kutambika bila mnazi. Na mizizi, babu zetu waliitoa makayani, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, wakapona. Ya asili hayana madhara, yenye madhara ni haya ya viwandani.

Mhudumu wa Barani

Mzee wangu, shikamoo. Sikukusudia kukuvunjia heshima na nakuomba uniwie radhi kama nimesikika hivyo. Mnazi unaougema asubuhi na kuuza siku hiyo hiyo naujua, na mila yake naijua. Makaya yetu yaliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, na maarifa ya miti yaliyohifadhiwa humo ni ya kweli.

Ila hilo la kwamba ya asili hayana madhara, wewe mwenyewe ni shahidi kwamba si hivyo. Wawindaji wa Kigiriama na Kiwata walipaka mishale yao sumu iliyopikwa kutokana na mti, na mshale huo uliangusha ndovu. Sumu ile inausimamisha moyo. Haikutoka kiwandani. Wazee waliokuwa wakiitengeneza waliiheshimu: walijua ipikwe vipi, ifungwe vipi, isiguse kidonda.

Na mganga wa kweli anayempa mtu mzizi humpa na miiko yake. Humwambia usile hiki, usinywe kile mpaka umalize dozi. Yule wa stendi hampi mtu mwiko wowote, anampa chupa na chenji. Naona wewe na mimi tuko upande mmoja hapa.

Mgema wa Ganda

Marahaba. Hapo tumesikizana. Miiko ilikuwepo, ni kweli, na ukinywa tembo juu ya dawa baba alikuwa anakufukuza. Niongeze jambo. Kuna wenye mangwe, vilabu vya mnazi, wanaotia vitu kwenye mnazi uliolala ili ukolee, wateja waseme una nguvu. Mtu akiona mnazi wa juzi unampiga kama pombe ya kupika, auache.

Kijana wa Mambrui

Nimesoma hiyo ya mzee nikakumbuka jambo. Rafiki yetu alikunywa kitu kwenye sherehe, pombe iliyotiwa majani. Baada ya muda akaanza kuokota vitu hewani, anaongea na marehemu nyanyake, hatutambui. Tukasema jini. Akaletwa mtu wa kumsomea mpaka usiku mkubwa. Alikuwa moto kama jiko na hakojoi. Alipelekwa hospitali asubuhi, akapona, lakini mpaka leo watu wanasema alipandwa. Ilikuwa ni nini?

Mhudumu wa Barani

Alhamdulillah kwa kupona kwake. Siwezi kuapa kwa mtu nisiyemwona, lakini ulivyoeleza inafanana sana na mnanaha, ule mmea wenye maua ya tarumbeta na matunda ya miiba, unaoota kwenye majaa na kando ya mashamba. Mbegu na majani yake yana atropini na skopolamini. Mtu anakauka mdomo mpaka ulimi unagandamana, ngozi inakuwa kavu na ya moto, mboni za macho zinatanuka hata kwenye mwanga, moyo unakimbia, mkojo unaziba, na anaona wasiokuwepo.

Liwekeni hili akilini nyote: mlevi wa pombe kwa kawaida ana ngozi ya ubaridi na jasho, mate yanamtoka. Huyu ni mkavu kabisa. Ukimkuta mtu anaweweseka, mkavu, wa moto, macho yote meusi, hiyo ni sumu na ni safari ya hospitali, na pombe aliyokunywa pamoja nayo inaweza kumzimisha ghafla katikati ya fujo. Kusomewa Qur'ani sikatazi hata kidogo, mimi mwenyewe ningesoma. Someni mkiwa ndani ya gari.

Mama Muyeye

Dada, baba yangu ana sukari. Anameza tembe za hospitali, asubuhi anakunywa mwarobaini, na jioni lazima apate mnazi wake. Nimemkataza sana, ananiambia mtoto hamfundishi mzazi. Nifanyeje?

Mhudumu wa Barani

Mama, pole. Kumkataza mzazi ni kazi ngumu kuliko zote, na ukimbana atakunywa kwa kujificha, na hapo ndipo utampoteza. Chagua jambo moja la kupigania. Mimi ningepigania chakula: asinywe kabla hajala wali au sima ya kutosha, na asilale bila kula. La pili, mwarobaini aende nao kliniki, amwambie tabibu wazi kwamba anautumia na kiasi gani. Pengine dozi ya tembe itabadilishwa, pengine ataambiwa aache mwarobaini. Asiache tembe kwa uamuzi wake mwenyewe. La tatu, sukari ikae karibu na kitanda chake, na kila aliye nyumbani, hata wajukuu, ajue kwamba babu akitoka jasho na kuongea visivyoeleweka usiku hapigiwi kelele, anapewa maji ya sukari kama anameza. Kuna mhamasishaji katika kijiji chako, muulize chifu au zahanati. Aje ampime mara kwa mara, hasa asubuhi baada ya kunywa. Wazee wengine husikia namba ya mashine kuliko wanavyomsikia binti yao.

Kijana wa Maweni

Swali la mwisho. Wengi wetu tunaogopa kumpeleka mtu hospitali maana tutaulizwa alitumia nini, na kuna habari za askari. Tukisema pombe tu haitoshi?

Mhudumu wa Barani

Haitoshi, ndugu yangu, na nimeona bora nijibu hili kwa kirefu. Tabibu akisikia pombe tu, atamwekea maji ya mishipa, pengine na glukosi, na kumsubiri azinduke. Akisikia pombe na muguka, atautazama moyo na presha. Akisikia pombe na bugizi, atakaa karibu na pumzi zake. Akisikia chupa ya nguvu za kiume, ataziepuka dawa fulani za moyo. Akisikia chang'aa, pombe kali ya kupika, na mtu anasema haoni vizuri, kama kuna ukungu, atafikiria methanoli, ile pombe ya sumu inayopofusha na kuua, ambayo dalili zake zinaweza kuchelewa mpaka siku ya pili, na ina dawa yake maalumu inayotakiwa ianze mapema. Ni watu watano tofauti kitandani, na wote wananuka pombe.

Kama unaogopa kusema mbele ya watu, mvute muuguzi pembeni umwambie. Sema: alikunywa nini, alitafuna nini, alimeza nini, saa ngapi, ana ugonjwa gani, anatumia dawa gani. Beba chupa yenyewe hata kama imebaki tone, beba majani yaliyobaki, beba karatasi ya tembe. Kama hujui jina la kitu, eleza kilivyo: rangi, harufu, kilinunuliwa wapi. Na usiondoke mara tu ukishamfikisha. Kaa pale mpaka wakuulize mara ya pili, maana mara ya pili ndipo watu hukumbuka.